Kabla Hujailaumu Injini ya MGB

MGB likigoma kuwaka asubuhi ya baridi, mwenye gari hufungua boneti na kuikodolea macho injini. Anaionea bure. Injini ile ya silinda 4, yenye sentimita za ujazo 1,798, ni chuma kizito cha mtindo wa kizamani, na ukiibadilishia oili kwa wakati itakuzika. Maradhi ya gari hili yako kwenye umeme, kwenye mafuta na, baya kuliko yote, kwenye bati.

Kiwanda cha MG cha Abingdon, karibu na Oxford, kililiunda tangu 1962 hadi 1980, na ukijumlisha ya wazi na yale ya GT yenye paa, yalitoka zaidi ya laki tano. Kwa wingi huo, spea hazijawahi kuadimika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hata bodi zima jipya linatengenezwa Uingereza kwa mashine zilezile za awali. Anayelalamika kwamba MGB halina vipuri hajatafuta.

Tuanze na umeme. Vifaa vyake vilitoka Lucas ya Birmingham, kampuni ambayo Waingereza wenyewe waliitania kwa kuiita Mkuu wa Giza. Waliokua wakiona Morris Minor na Land Rover za zamani huku Afrika Mashariki huenda walilisoma jina hilo kwenye taa na dainamo. Utani una ukweli nusu tu. Fungua dainamo au starta ya Lucas leo na mara nyingi utaikuta nzima. Kilichooza ni viungo. Waya za MGB huungana kwa vichwa vidogo vya shaba vyenye umbo la risasi, vinavyosukumwa pande zote mbili ndani ya kibomba cha chuma kilichovikwa mpira. Baada ya miaka 50 ya unyevunyevu, pamoja na chumvi inayomwagwa kwenye barabara za Uingereza wakati wa baridi, shaba hushika kutu ya kijani na umeme hupita kwa taabu. Taa zinafifia, mwenye gari ananunua balbu kali zaidi, na kiungo kilichokuwa kinaumwa sasa kinapata moto.

Kisha kuna njia ya kurudi. Umeme ukishatoka betri na kuwasha taa, hurudi betri kupitia bati la gari lenyewe, na bati lenye kutu ni njia mbovu. Washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi na nyingine kwenye waya wa ethi wa taa. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma volti nzima, basi volti hiyo inapotelea njiani, na dawa yake ni msasa na spana tu.

Kisa kinachochekesha, kama gari si lako, ni cha mkanda wa injini. Injini hukalia mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kuna mkanda mnene wa waya zilizosukwa unaoiunganisha na bodi. Fundi akiteremsha injini na kusahau kuurudisha, umeme wa starta hutafuta njia nyingine, na iliyo karibu ni kebo nyembamba ya choki. Starta inazunguka kivivu, kebo inatoa moshi, na mteja anauziwa starta mpya asiyoihitaji.

Jambo jingine linalowaponza wengi: katika magari yaliyotoka kabla ya mabadiliko ya 1967, nguzo ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Atakayefunga redio ya kisasa bila kuangalia ataiunguza. Na hadi 1974 gari lilibeba betri mbili za volti 6, zilizofichwa chini ya sakafu nyuma ya viti. Kitu kisichoonekana hakihudumiwi.

Pampu ya mafuta, ya SU, ina tabia nzuri ya kusema. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, hupiga tik-tik mara kadhaa kisha hunyamaza, maana kabureta zimeshajaa. Ikiendelea kupiga polepole, kuna mahali mafuta yanavuja au yanarudi. Ikipiga mbiombio bila kukoma, inavuta hewa, au tangi ni kavu. Isipopiga kabisa, huenda pointi zake zimechafuka, na ndiyo maana wazee wa MGB huigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Inakufikisha nyumbani, lakini si matengenezo.

Kabureta nazo ni mbili, za SU pia. Ndani ya kila moja pistoni hupandishwa na mvuto wa injini, ikiinua sindano iliyochongoka kutoka kwenye tundu la mafuta. Juu yake kuna oili kidogo nyepesi, inayoizuia isiruke ghafla. Oili hiyo ikikauka, gari husita kila unapokanyaga mafuta, na watu hukimbilia kubadilisha plagi. Kuzilinganisha kabureta hizo hakuhitaji kompyuta: chukua kipande cha mpira, shika ncha moja sikioni, nyingine iweke kwenye mdomo wa kabureta, kisha usikilize mvumo wa hewa mpaka zote mbili zivume sawa.

Petroli ya leo ina matatizo yake. Risasi iliyokuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi iliondolewa Uingereza mwanzoni mwa 2000, na kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Silinda hedi isiyofungwa viti vigumu huliwa taratibu. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hulainisha na kupasua mipira ya zamani. Badilisha mipira yote, usingoje kunusa.

Ila hayo yote hutengenezeka kwa Jumamosi chache. Bati haliko hivyo. MGB halina chasisi ya kujitegemea: nguvu yake yote, hasa lile la wazi, iko kwenye boriti za chini ya milango. Nyuma ya magurudumu ya mbele, ndani ya bodi, kuna kijirafu ambapo tope na majani hukusanyika na kukaa majimaji miaka nenda rudi, na kutu huanzia humo kwa ndani. Unachokiona nje, kirangi kilichovimba, ni habari iliyochelewa. Mbaya zaidi ni waliotangulia kulitengeneza kwa kuchomelea kiraka juu ya uozo na kupaka rangi. Tangu Mei 2018 magari mengi ya zaidi ya miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka nchini Uingereza. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mbaya, kwani sasa boriti hizo zinaweza kupita miaka bila kuonwa na yeyote.

Kwa hiyo ukienda kununua, acha kusikiliza mngurumo. Chukua sumaku, pitisha chini ya milango. Isiponasa, hapo pamejazwa pati. Kisha omba jeki, inua upande mmoja na ufungue mlango. Ukikwama, mrudishie mwenyewe funguo zake.