Bw. Loure na Malisho ya Simanjiro

Mvua zinapoanza kunyesha, makundi ya nyumbu na punda milia huiacha Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, katika nchi ya Tanzania, yakaelekea mashariki mpaka nyanda za Simanjiro. Huko ndiko nyumbu wazaliapo, kwa kuwa majani ya Simanjiro yana madini yamfaayo mama anyonyeshaye kuliko majani ya hifadhini. Kiangazi kikiingia, hurudi kunywa maji ya Mto Tarangire. Wanyama hawa hawajui mpaka uliochorwa katika ramani, na nyanda hizo wazitegemeazo zimo nje ya hifadhi: ni malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Basi atakaye kumlinda nyumbu hana budi kuuliza kwanza malisho hayo ni mali ya nani.

Bw. Edward Loure, Mmasai wa Simanjiro, alilikuta swali hilo nyumbani kwao. Mwaka 1970, Tarangire ilipofanywa kuwa Hifadhi ya Taifa, jamaa zake walikuwa miongoni mwa wafugaji walioondolewa kwa nguvu. Mwana wa watu waliofukuzwa kwa ajili ya wanyama angeweza kuwachukia wanyama hao, wala hapana ambaye angemlaumu sana. Lakini yeye alisoma, akajifunza kazi ya uongozi na utawala, kisha akaingia katika chama kiitwacho Ujamaa Community Resource Team, ambacho husaidia vijiji vya kaskazini mwa Tanzania katika mambo ya ardhi.

Hatari kubwa katika nyanda hizo ni jembe. Wageni huja wakitafuta mashamba, wengine wakiwa na matrekta, na kila ekari inayolimwa huondolewa kwa ng'ombe na kwa nyumbu pia. Wamasai wameishi na nyumbu malishoni tangu zamani. Lakini ng'ombe na nyumbu wanaweza kushiriki majani, hawawezi kushiriki shamba lenye ua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliruhusu kutolewa kwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kwa kawaida hati hiyo ilipewa mtu mmoja mmoja, naye mkulima mwenye shamba lake hutosheka nayo. Kwa mfugaji mambo ni mengine kabisa. Mvua ya nyika hunyesha huku leo na kule kesho, na kipande kimoja hakiwezi kulisha ng'ombe mwaka mzima. Kuigawa nyika vipande vipande ni kuiua. Kwa sababu hiyo Bw. Loure na wenzake walishika njia nyingine: hati itolewe kwa jamii nzima, ili mtu mmoja asiweze kukata sehemu ya malisho akaiuza kwa siri.

Kazi hiyo haiendi haraka. Kwanza vijiji jirani hupatana juu ya mipaka yao, na jambo hilo peke yake laweza kuchukua mikutano mingi. Kisha kijiji hupanga mahali pa kulima, pa kujenga na pa kulisha. Na mpango huo hauna nguvu mpaka Mkutano wa Kijiji uukubali.

Waliotangulia kuipata hati ya namna hiyo hawakuwa Wamasai. Walikuwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma ubuyu. Idadi yao yote ni kama elfu moja na kitu, nao walikuwa wamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nchi yao kwa wakulima na wafugaji. Mwaka 2011 walipewa hati yao. Mtu asiyelima wala kufuga alikuwa akihesabiwa kwamba hana ardhi. Sasa uwindaji wenyewe ukatambuliwa kuwa ni matumizi ya ardhi.

Kufikia mwaka 2016, Bw. Loure alipopewa Tuzo ya Goldman ya watunzaji wa mazingira huko San Francisco, Marekani, hati za jamii zilikuwa zimekwisha kukinga zaidi ya ekari 200,000 kaskazini mwa Tanzania.

Huko Yaeda, hati hiyo imeleta faida ambayo wazee hawakuitazamia. Kwa kuwa msitu ni wao kwa sheria, Wahadzabe waliweza kuingia katika biashara ya hewa ya ukaa, wakilipwa kwa miti isiyokatwa. Sehemu ya fedha hizo huwalipa walinzi wa msitu, ambao ni wenyeji wenyewe, na nyingine hulipia matibabu na masomo ya watoto.