Hewa Itokayo Chini ya Ardhi

Ukifika kwenye chemchemi za maji moto katika bonde la Songwe utaona maji yanatoa mapovu kama soda. Siyo uchawi. Ni hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani, inapanda kutoka ardhini. Kule Rungwe huchimbwa na kuuzwa kwa viwanda vya soda. Huko Marekani, tangu 1972, husukumwa kwenye visima vya mafuta vilivyochoka. Mafuta yaliyonasa katika mawe huwa mepesi, yakatoka.

Lakini angalia! Hewa hii ni nzito, hulala mashimoni. Huioni. Mwaka 1986 ziwa Nyos, Kameruni, liliitapika usiku mmoja, wakafa watu 1,700 hivi. Ukikuta ndege amekufa shimoni karibu na chemchemi, usiiname kumchukua. Wala usimtume mtoto.