Fahamu: Kwa nini oili ya gari haifai kwenye bodaboda

Duka la vipuri likiishiwa oili ya pikipiki, muuzaji hukupa ya gari. "Ni ileile tu, kaka." Si ileile.

Kwenye gari, injini na gia huwa na mafuta tofauti. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia oili moja, takriban lita moja tu, kwa kila kitu: inalainisha pistoni, inapita katikati ya meno ya gia, kisha inalowesha sahani za klachi. Sahani hizo kazi yake ni kushikana. Oili nyingi za kisasa za magari madogo hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Zikifika kwenye klachi, inaweza kuanza kuteleza: unaongeza mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Utaliona hilo zaidi mlimani, ukiwa na abiria wawili (ambao sheria haikuruhusu kuwabeba).

Ndiyo maana Wajapani waliweka kiwango cha JASO mwaka 1998. Tafuta MA au MA2 kwenye chupa. MB ni ya skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili.

Kisha namba. Katika 20W-50, 20W inahusu wepesi wa oili kwenye baridi, 50 uzito wake injini ikishachemka. Fuata kitabu cha pikipiki yako, si ushauri wa kijiweni.

Na ile oili inayopimwa kutoka kwenye dumu lisilo na nembo? Mimi siigusi.