Bitiruti Haimrudishii Koi Weusi Wake

"Daktari, nimlishe nini koi wangu weusi wake urudi?" Wiki iliyopita nimeulizwa hivyo mara tatu, na kila aliyeuliza alikuwa ameshaanza tiba yake. Wa kwanza anachemsha bitiruti. Wa pili anasaga karoti. Wa tatu amemwaga chupa nzima ya methilini bluu bwawani kwa sababu jirani alimwambia inakoleza rangi. Wote wanafuga koi wa aina moja, kumonryu, na hakuna samaki hata mmoja kati ya hao aliyekuwa mgonjwa. Wa tatu sasa anao wagonjwa.

Kumonryu ni mweusi kwa mweupe, hana magamba ila safu chache, na jina lake ni la joka. Sifa aliyopendewa na Wajapani ndiyo hiyo mnayoihangaikia: hatulii. Kwa kawaida maji yakipoa weusi hutanda, yakipata joto hurudi nyuma, na wapo wanaobaki weupe pe. Kule Yamakoshi, kwenye milima ya Niigata ambako wakulima wa mpunga walianza kuzalisha koi wa rangi katika karne ya 19, theluji hupita kimo cha mtu, na kiangazi mabwawa ya udongo huwa vuguvugu. Samaki wa huko hubadilika na majira. Wako wa Mombasa anaogelea kwenye maji ya joto mwaka mzima. Baridi ataionea wapi?

Sasa tumalize habari ya bitiruti. Weusi wa koi ni melanini, na samaki huitengeneza mwenyewe ndani ya seli za ngozi yake. Hailiwi. Mlishe makaa, atakunya makaa. Wekundu na umanjano ndio unaotegemea mlo, kwa kuwa samaki hawezi kujitengenezea karotenoidi. Huzipata kwenye mwani na vijidudu vya majini, na ndiyo maana chakula cha rangi kinachouzwa madukani hutiwa spirulina au astaksanthini. Hata hivyo lazima iwepo seli ya kuzipokea. Pasipo seli nyekundu hupati baka jekundu hata ulishe gunia zima. Utakachopata ni ule weupe kuchafuka, kama shati jeupe lililolowekwa pamoja na kanga mpya. Na rangi ya bitiruti si karotenoidi hata kidogo. Inaingia mdomoni na kutokea nyuma, na vipande vilivyobaki vinaoza chini na kuongeza amonia.

Methilini bluu ni dawa nzuri ya kuzuia ukungu kwenye mayai ya samaki, tena kwenye chombo cha pembeni. Ukiimwaga bwawani inadhuru bakteria wa kwenye chujio, wale wanaoshughulikia amonia. Utapata samaki wa bluu kweli, kwa siku chache, kisha samaki wanaotweta juu ya maji.

Bluu hiyo si yake, maana koi hana rangi ya bluu mwilini. Asagi, mwenye mgongo wa bluu tunaousifu, ana weusi uliolala ndani ya ngozi, na jinsi mwanga unavyotawanyika juu yake ndiyo inayokuonyesha bluu. Midorigoi, yule wa kijani asiyepatikana kirahisi, amewekewa manjano juu ya weusi wa namna hiyo, na wengi wao hufifia au hufanya giza wakikua. Vifaranga wa zambarau mnaotumiwa picha zao kwenye simu wameanguliwa kwenye programu ya kuhariri picha.

Na huu uchu wa rangi adimu sijui umetoka wapi. Mwaka 2018 kohaku mmoja, mweupe mwenye mabaka mekundu, aina ya kawaida kuliko zote, alinunuliwa Hiroshima kwa yeni milioni 203.

Haya, la kufanya. Pima amonia kabla ya kumlaumu samaki. Ukitaka weusi unaotulia, nunua koi wa aina ya showa aliyepita miaka miwili, si kifaranga: showa huanguliwa mweusi, kisha sura yake hubadilika kwa miaka. Ukitaka bluu, nunua asagi. Bwawa lenye kuta nyeusi na kivuli kidogo husaidia weusi kukolea. Chakula cha rangi kitoe kwa miezi michache, ukisimamishe weupe ukianza kuwa njano. Baka jekundu likianza kuliwa kingo, huo ni ugonjwa, mlete. Mwenye kumonryu aliyegeuka mweupe, mwache. Na wewe uliyemwaga chupa: badilisha robo ya maji kila siku, yawe yametolewa klorini, ongeza hewa, acha kulisha, na unipigie leo.