Vyama vya roboti vyuoni vifadhiliwe karakanani, si uwanja wa ndege

MNAMO Machi 2019, Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, eneo la Njoro, Kaunti ya Nakuru, alitawazwa mwalimu bora duniani jijini Dubai na kutunukiwa dola milioni moja za Marekani.

Wengi wanakikumbuka kitita hicho. Wachache wanakumbuka yaliyotangulia. Shule hiyo ya kutwa ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, lakini chama chake cha sayansi kilikuwa na mlezi aliyekihudumia bila kusubiri mfadhili. Mwaka 2018, wanafunzi wake waliwasilisha katika mashindano ya kitaifa ya sayansi na uhandisi kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakawa wa kwanza miongoni mwa shule za umma. Mwaka uliofuata timu ya shule ilifuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya Phoenix, Marekani.

Bruda Tabichi ni zao la Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho pia kiko Njoro. Egerton na vyuo vingine vya Bonde la Ufa vina la kujifunza kutokana na Keriko, hasa kuhusu vyama vya wanafunzi wanaounda roboti.

Roboti ya mashindano ni kitu chepesi kueleza na kigumu kuunda. Ina mota za kuisukuma, vitambuzi vinavyoitumikia kama macho, betri, na kompyuta ndogo iliyoandikiwa programu ya kuamua hatua inayofuata. Ugumu huanza sehemu hizo zinapounganishwa. Mota huungua. Waya hukatika. Kitambuzi kilichotii mezani hupofuka kikipigwa na jua la adhuhuri. Timu haiwezi kuiamini roboti yake kabla ya kuivunja na kuiunda upya mara kadhaa, na kila mara kuna kipuri cha kununua. Vingi huagizwa ng'ambo, na mzigo ukichelewa, majuma ya majaribio hupotea.

Fedha huhitajika hapo hasa. Kwa bahati mbaya, ufadhili wetu hupenda kamera. Hutolewa kwa njia ya fulana, bendera na tiketi wakati wa kuiaga timu, ilhali mwanafunzi aliyechanga pesa zake za chakula kununua mota amekwisha kukonda.

Hata safari yenyewe ina mitego. Kanuni za usafiri wa anga haziruhusu betri za akiba za lithiamu kuwekwa katika mizigo inayopakiwa chini ya ndege. Abiria sharti azibebe mkononi, na zenye nguvu ya zaidi ya wati-saa 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Timu isiyo na mtu wa kuyashughulikia hayo mapema inaweza kufika mashindanoni na roboti isiyo na uhai.

Lipo swali jingine: roboti ya kufanya nini? Chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani, ASABE, huandaa kila mwaka shindano ambamo roboti za wanafunzi hutekeleza zenyewe, bila kuongozwa kwa rimoti, kazi za shambani zilizoigizwa juu ya ubao. Njoro haihitaji ubao. Kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko huko kimekuwa kikipima ngano kutoka mataifa mengi tangu 2005, kutafuta aina zinazostahimili Ug99, kutu ya shina iliyotambuliwa kwanza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Maelfu ya vijishamba hukaguliwa kwa macho, shina baada ya shina. Roboti ndogo ya kupita katikati ya mistari ikipiga picha ingekuwa mradi wa mashindano na msaada kwa mtafiti kwa wakati mmoja. Wakulima wakubwa wa ngano, na wa maua kule Naivasha, wangeona sababu ya kuichangia.

Chuo nacho kina wajibu usiogharimu mamilioni. Kitoe chumba chenye umeme kinachobaki wazi baada ya mihadhara, mhadhiri ambaye saa zake za ulezi zinahesabiwa kuwa kazi, na kasha la vipuri linalojazwa kila muhula. Tena kila timu iache daftari la michoro, programu na makosa yake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakihitimu bila kuliacha, wale wanaobaki huanza upya na mota ile ile iliyoungua.