Komredi, somo la afya ya umma lianze na bei ya mtungi

Kama unasomea afya ya umma chuoni, stori ya John Snow unaijua. Mwaka wa 1854 kipindupindu kilipokuwa kikiua watu mtaani Soho, London, daktari huyo aliweka vifo kwenye ramani, akaona vimejazana karibu na pampu moja ya maji, Broad Street. Mkono wa pampu ukang'olewa. Swali hilo likija kwenye mtihani, alama ni zako.

Lakini umewahi kuulizwa kuhusu Mukuru?

Hebu piga hesabu. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa Sh5 mtaani, lita 1,000 ni mitungi 50, yaani Sh250. Na maji yakiadimika, bei inapanda. Sasa omba bili ya rafiki aliye na mfereji ndani ya nyumba, uone yeye hulipa ngapi kwa lita hizo hizo 1,000. Utagundua mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa zaidi, na bado anapanga foleni na kubeba mtungi mwenyewe.

Halafu mwambie anawe mikono kila mara. Ushauri ni mzuri, ila kwake kila kunawa kuna bei. Kumpa kila mtu bango moja la "nawa mikono" ni kugawa sawasawa. Haki ni kuuliza nani hana maji, kwa nini hana, na nani anafaidika akiendelea kukosa.

Tofauti hii ni ya uhai. Utafiti uliofanywa mwaka wa 2000 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulionyesha kuwa takriban watoto 151 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa Nairobi nzima, idadi hiyo ilikuwa takriban 62. Ukifundishwa wastani wa jiji pekee, watoto hao wanapotea ndani ya hesabu.

Kuna njia nyingine ya kusoma, na imejaribiwa hapa hapa. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na California, Berkeley walishirikiana na Muungano wa Wanavijiji kukusanya takwimu za Mukuru kuhusu maji, vyoo, ardhi na afya. Wakazi wenyewe walikuwa ndani ya kazi hiyo. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na wakazi wakajipanga katika vikundi vya kaya 10 ili sauti zao zifike mezani. Utafiti haukuishia kwenye kabati la maktaba.

Linganisha na ile safari ya nyanjani tunayoizoea. Basi linashuka wanafunzi, fomu zinajazwa, picha zinapigwa, kisha kimya. Mama aliyejibu maswali 60 huku uji wake ukiungua hasikii tena lolote. Ndiyo maana wasee wa mtaa wakiona fomu siku hizi wanafunga mlango.

Kwa hivyo dai mambo matatu darasani. Kwanza, takwimu zichambuliwe kwa mtaa na kipato, si wastani tu. Pili, mhudumu wa afya ya jamii aalikwe kufundisha, na alipwe kama mgeni mwingine yeyote. Tatu, kila utafiti wa wanafunzi urudishe majibu kwa waliohojiwa, kwa lugha wanayoelewa, kabla alama hazijatolewa.

Na kama wewe umekulia kwenye ploti yenye choo kimoja cha milango kumi, usinyamaze nyuma ya darasa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya afya na ya maji safi ya kutosha. Wenzako watakikariri. Wewe unaweza kuwaeleza ni wapi hasa kinavunjwa, na kwa shilingi ngapi kwa siku.