«Misipa iko inaniluma»: lakini ni musipa gani?

Ku njia ya Luano, asubuhi mapema, tunawaona: wanaume wanasukuma kinga zenye magunia ya makala, kutoka pori kwenda mjini Lubumbashi. Ku uwanja wa ndege, wengine wanabeba mizigo. Mangaribi, wakirudi nyumbani, wote wanasema neno moja: «Misipa iko inaniluma.»

Neno hilo sote tunalielewa. Shida inaanza ku kituo cha afya. Munganga alisoma kwa Kifaransa, na kwake «muscle», «tendon», «veine» na «nerf» ni vitu vine. Kwetu vyote vine vinaitwa musipa. Mugonjwa anasema kimoja, munganga anaandika kingine.

Tusione haya. Wagiriki wa zamani walikuwa vilevile: neno lao «neuron», ambalo leo liko ndani ya «neurologie», kwanza lilikuwa jina la kano. Nyuma njo waganga walilipeleka ku neva. Na «muscle» ya Wafaransa inatoka ku Kilatini, maana yake kapanya kadogo. Basi tutenganishe sisi pia.

Musuli njo munofu wenye nguvu. Mwili una misuli zaidi ya 600, na mukubwa kuliko yote uko ku matako. Musuli unajua kuvuta tu, hausukumi. Kwa hiyo inafanya kazi miwili miwili: ule wa mbele ya mukono unakunja, wa nyuma unanyoosha. Moyo nao ni musuli, wenye kufanya kazi hata tukilala.

Kano ni kamba nyeupe inayofunga musuli ku mufupa. Gusa nyuma ya kisigino, utaisikia. Ba mama wanaijua ku nyama ya ngombe: ile inayokataa kuiva.

Musipa wa damu ni bomba ya kupitisha damu. Neva ni kama waya: inapeleka amri ya ubongo ku musuli, na inarudisha habari ya maumivu.

Kutenganisha hivi kuna faida gani? Mubeba makala akisikia mapaja yote mawili yanaluma kesho yake, kwa kawaida ni misuli imechoka. Siku chache za kupumzika zinatosha. Lakini maumivu yakitoka ku matako, yakashuka mpaka ku muguu pamoja na ganzi, hapo ni neva. Shavu la muguu mumoja tu likivimba na kuwa moto, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya musipa: usikubali kukandwa, kwa maana damu ile inaweza kutoka pale na kupanda mpaka ku mapafu. Na upande mumoja wa mwili ukilegea kwa gafula, si uchovu, ni ubongo. Kimbia hospitali.

Kuna pia mambo ya sindano. Mutoto ana homa, tunaomba achomwe ku matako. Sindano inatafuta musuli, lakini karibu na pale inapita neva nene kuliko zote za mwili. Ndiyo sababu wanafundisha kuchoma juu, upande wa inje. Neva ikiguswa, mutoto anaweza kuvuta muguu maisha yote. Huko Kumi, mashariki ya Uganda, waganga wameandika juu ya watoto walioharibika miguu na matako kisha kuchomwa sindano. Kwa hiyo, pale dawa ya kunywa inatosha, tusilazimishe sindano. Na mama akiona mutoto anachechemea kisha kuchomwa, asiseme tu «musipa». Aseme: «Tangu ile sindano, muguu hauna nguvu.»

Hatuombi mutu aache neno la wazazi wake. Musipa ibaki musipa. Lakini mbele ya munganga tuongeze maneno mawili matatu: onyesha pahali kwa kidole, sema ilianza lini, sema kama inavuta, inawaka, inavimba ao inakufa ganzi. Na nyinyi wanganga wetu, mukisikia «misipa», musikimbilie kuandika. Ulizeni kwanza: «Musipa gani, baba? Nionyeshe.»